Nani Atajaza Mstari wa Kuanzia?

 

Leo tuzungumze mbio, wasikilizaji wangu. Mbio za wanawake wanaokimbia kwa mikono, juu ya viti vya magurudumu, na hasa zile za masafa ya kati, mita 800 na mita 1500. Najua wapo watakaosema, sisi hapa Muscat yanatuhusu nini haya? Nivumilieni kidogo.

Nianze na ratiba. Paralimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, ilikuwa na mbio za viti kwa wanaume wa madaraja mengi. Daraja la T33 walikuwa na mbio yao. T51 walikuwa nazo. T52 walikuwa nazo, mpaka mita 1500. Geuza ukurasa uangalie upande wa wanawake: T33 hamna, T51 hamna, T52 hamna. Mwanamke wa madaraja hayo, hata awe hodari namna gani, hakuwa na mbio ya kiti ya daraja lake pale Tokyo. Miaka mitano nyuma, Rio 2016, wanawake wa T52 walikuwa bado na mita 100 na mita 400, na zote mbili alizishinda Michelle Stilwell wa Kanada. Tokyo hata hizo zikaondoka.

Kwa nini? Hapo ndipo ninapotaka tufike. Lakini kwanza tuelewane juu ya madaraja yenyewe, maana mtu akisikia T53, T54, hudhani ni namba za mabasi.

Herufi T ni alama ya mbio na kuruka. F ni ya mitupo: tufe, kisahani, mkuki na kirungu. Namba inayofuata inaeleza aina ya ulemavu na kiasi unavyomzuia mtu katika mchezo ule. Wanaokimbilia viti wamo katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la T32 mpaka T34, wale ambao ubongo haupeleki amri sawasawa, misuli ikakaza au ikacheza bila mwenyewe kutaka. Wengi wao walizaliwa na mtindio wa ubongo. Kundi la pili ni la T51 mpaka T54, wenye udhaifu wa misuli au viungo vilivyopungua: walioumia uti wa mgongo, waliopata polio, waliozaliwa na mgongo wazi, waliokatwa miguu. Namba ikiwa ndogo, kizuizi ni kikubwa. T51 hata mikono yake imepungua nguvu. T52 mabega na viwiko vinafanya kazi, lakini vidole havishiki vizuri. T53 mikono yote mizima, ila tumbo na kiuno havina nguvu kabisa, kwa hiyo akisukuma, kiwiliwili hulalia mapaja. T54 anayo mikono na anayo nguvu ya kiwiliwili, kidogo au kamili.

Nguvu ya tumbo inaweza kuonekana jambo dogo. Jaribu wewe mwenyewe, ukiwa umekaa: inama mpaka kifua kiguse mapaja, halafu inuka bila kutumia mikono. Ukiweza, ujue tumbo na mgongo vimekufanyia kazi. Asiyeweza, kwenye mbio atakosa ule msukumo wa kuanzia, na kwenye kona atakosa kujiegemeza kukiongoza kiti.

Basi mwanariadha hupimwaje? Haangaliwi kwa macho tu akaambiwa wewe nenda huku. Kwanza hupelekwa karatasi za hospitali: ugonjwa gani, tangu lini, vipimo gani vilifanywa. Kisha huingia chumbani kwa jopo la watu wawili au zaidi, mmoja wa utabibu, daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mwengine wa ufundi wa mchezo. Analala kitandani. Anapimwa msuli mmoja mmoja, bega, kiwiko, kifundo, kidole, tumbo, na kila mmoja hupewa alama kuanzia sifuri, yaani hakuna hata mtikisiko, mpaka tano, yaani nguvu kamili. Anakalishwa bila kuegemea, anaambiwa ainame, ajizungushe, anyooshe mkono mbali. Halafu anatazamwa akiwa kwenye kiti chake cha mbio. Mwisho anaangaliwa akishindana, kwa sababu mwili wa chumbani na mwili wa uwanjani wakati mwengine hausemi jambo moja. Mgeni huingia na hadhi ya mpya. Akitoka anaweza kuthibitishwa, au akaambiwa atapimwa tena, hasa akiwa bado mtoto au ugonjwa wake unabadilika. Na anayejifanya dhaifu kuliko alivyo, akibainika, hufungiwa.

Yapo mambo chumbani humo yanayonigusa kama mwanamke wa hapa. Msichana analala kitandani mbele ya watu asiowajua, misuli yake inashikwa, anaulizwa maswali juu ya mwili wake kwa lugha ambayo huenda si yake. Kanuni zinamruhusu aingie na mtu wa timu yake na mkalimani. Wasikilizaji, ruhusa hiyo itumike. Aingie na mwanamke mwenzake anayemwamini, na mkalimani ajue kusema kibofu, uti wa mgongo na ganzi bila kuona haya. Nina hakika wapo wasichana waliokosea kujibu kwa aibu tu, na jibu moja likikosewa pale linaweza kumweka mtu katika daraja lisilokuwa lake.

Utaratibu huu haukushuka siku moja. Daktari Ludwig Guttmann, katika hospitali ya Stoke Mandeville huko Uingereza, aliwashindanisha wagonjwa wake kwa upinde na mshale tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile Olimpiki ilipofunguliwa London. Kwa miaka mingi baada ya hapo madaraja yalifuata cheti cha daktari: uti umekatika wapi, basi. Aliyekatwa miguu alikuwa na madaraja yake, aliyeumia mgongo na yake, hata kama uwanjani uwezo wao ulilingana. Kufikia Barcelona 1992 ikaanza kutazamwa zaidi mtu anaweza kufanya nini katika mchezo wenyewe. Kanuni ya kwanza ya dunia nzima juu ya jambo hili ilitoka 2007.

Na utaratibu huu wa madaraja una makali. Mwaka 2019 muogeleaji wa Brazil, André Brasil, bingwa wa Paralimpiki mara kadhaa, alipimwa upya akaambiwa ulemavu wake haufiki tena kiwango kinachotakiwa. Alipanda ngazi miaka yote, siku moja ngazi ikaondolewa. Mimi siwezi kusema jopo lilikosea, na siwezi kusema mtu yule hakudhulumika. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Sasa turudi kwa wanawake na viti vyao. Mbio yao ya mita 800 iliwahi kuingia Olimpiki, ile ile kubwa. Los Angeles 1984, ikiwa mbio ya maonyesho, alishinda Mmarekani Sharon Hedrick kwa dakika 2 na sekunde 15. Ni michezo ile ile ambayo binti wa Morocco, Nawal El Moutawakel, alishinda mita 400 kuruka viunzi, akawa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kupata dhahabu ya Olimpiki. Ndugu zetu wengi wanamkumbuka Nawal, na wana haki ya kumkumbuka. Hedrick nani anamtaja? Mbio ya maonyesho iliendelea mpaka Athens 2004, aliposhinda Chantal Petitclerc wa Kanada, na medali yake haikuhesabiwa kwenye jumla ya nchi. Kufika Beijing 2008 ikawa haimo tena.

Kasi nayo imekwenda wapi? Rekodi ya dunia ya wanawake wanaokimbia mita 800 kwa miguu ni dakika 1 na sekunde 53, iliwekwa na Jarmila Kratochvílová mwaka 1983 na haijavunjwa. Wanawake hodari wa T54 wanamaliza mizunguko ile miwili chini ya dakika 1 na sekunde 45. Kiti chao kina magurudumu matatu, mawili makubwa yaliyoinama na moja dogo mbele kabisa. Hakina gia. Mwanariadha amekunja miguu chini yake, kifua karibu na magoti, na mikononi ana glavu ngumu za plastiki. Hashiki duara la gurudumu, analipiga na kulisukuma kwenda chini, mkono unapaa nyuma, unarudi tena. Akikaribia kona anakigonga kifaa kidogo kilicho mbele yake, gurudumu la mbele linageuka kiasi cha kona na kubaki hapo. Akitoka kwenye kona anakigonga tena, linanyooka. Kwenye mita 800 kila mtu huanza katika njia yake, na baada ya kona ya kwanza wote huruhusiwa kuingia ndani. Hapo ndipo hesabu inapoanza. Anayeongoza anakata upepo, anayemfuata anapumzika. Ukikaa nyuma sana wanakufungia ndani, huna pa kutokea. Kofia ngumu ni lazima, kwa sababu viti vikigongana kwa kasi ile, mtu anaruka.

Mwalimu mzuri wa mambo haya ni Catherine Debrunner wa Uswisi. Yeye ni T53, yule asiye na nguvu ya tumbo. Paris 2024 alichukua dhahabu tano. Mbili ni za daraja lake, mita 400 na mita 800. Tatu nyengine, mita 1500, mita 5000 na marathoni, alizipata akishindana na wanawake wa T54, kwa sababu T53 hawakuwekewa mbio yao katika masafa hayo. Dunia ikamsifu, na anastahili. Lakini mimi nafikiri juu ya T53 wengine ambao si Debrunner. Yeye ni mmoja katika kizazi chake. Ukimwambia msichana wa kawaida wa T53 akimbie mita 1500 na T54, umemfungulia mlango huku umemwongezea mzigo.

Na kwa nini hakuna mita 1500 ya T53? Kwa nini hakuna T52 kabisa? Jibu la wakubwa wa mchezo ni moja: idadi. Mbio haiwekwi kwenye ratiba wakiwapo wanawake wachache kutoka nchi chache. Wakipungua, daraja linaunganishwa na jengine au linafutwa. Ni jibu la kweli. Ila tuulize, idadi inatoka wapi? Haitoki Tokyo wala Paris. Inatoka Sumail na Ibra hapa Oman, Wete ya Pemba, Bungoma. Inatoka kwenye nyumba ambayo kijana wa kiume aliyelemaa anapelekwa uwanjani na kaka zake, na dada yake mwenye hali ile ile anabaki ndani kwa sababu watu watasema nini.

Bungoma sikuitaja bure. Huko, magharibi ya Kenya, alizaliwa mwaka 1969 Anne Wafula. Polio ilimpata akiwa wa miaka miwili hivi. Wanakijiji wakasema amerogwa, wakaitenga familia. Baba yake, aliyekuwa askari wa jeshi, hakukubali mtoto wake abaki jikoni. Akampeleka skuli za watoto wenye ulemavu, Anne akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Moi, akawa mwalimu. Aliolewa akahamia Uingereza, na huko ndiko alikokutana na kiti cha mbio. Mwaka 2004, Athens, akaiwakilisha Kenya katika daraja la T53, mkimbiaji wa kwanza wa kiti cha magurudumu kutoka Afrika Mashariki kushiriki Paralimpiki. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Wenzake wa Ulaya walianza wakiwa watoto wa skuli. Hiyo ndiyo tofauti ninayoizungumza: kipaji alikuwa nacho Bungoma, kiti kikamsubiri Uingereza.

Baadaye akachukua uraia wa huko, akavaa jezi ya Uingereza, akatunukiwa nishani ya MBE mwaka 2014. Na bado, mwisho wa 2016, akisafiri kwa treni, choo cha watu wenye ulemavu kilikuwa kibovu, akashindwa kujizuia kwenye kiti chake. Alilisema hadharani, kwa uchungu, ili lisimfike mwengine. Nalitaja kwa heshima, kwa sababu hapa petu pia msichana anaweza kupata kiti, kocha na daraja, halafu akaacha mazoezi kwa sababu ya choo ambacho mlango wake haupitishi kiti.

Tuje basi Ghuba. Mbio za viti si ngeni kwetu. Ahmad Almutairi wa Kuwait alishinda mita 100 za T33 Rio. Mohamed Al Hammadi wa Imarati alichukua dhahabu ya mita 800 za T34 Rio. Dubai iliandaa ubingwa wa dunia 2019, na Doha kabla yake 2015. Oman nayo ilipata medali yake ya kwanza ya Paralimpiki Tokyo, shaba ya Mohammed Al Mashaikhi katika kutupa tufe, daraja la F32. Na wanawake wetu wa Ghuba? Rio 2016 Fatema Nedham wa Bahrain alipata dhahabu, Noura Al Ketbi wa Imarati fedha, Sara Al Senaani wa Imarati shaba. Wote watatu kwa tufe.

Tufe ni mchezo mtukufu, na mabinti hao wameinua vichwa vyetu. Lakini angalia unavyofanyika. Unakaa kwenye kiti kilichofungwa chini kwa mikanda, unatupa. Mazoezi yanawezekana nyuma ya ukuta. Mbio ya kiti inataka barabara, inataka kilomita nyingi kila wiki, inataka msichana aonekane na watu akitoka jasho. Maoni yangu, na anayeona vyengine aniambie, ni kwamba wasichana wetu wamekwenda kwenye tufe kwa mapenzi, na vilevile kwa sababu ndiko walikoachiwa njia.

Wasichana wapo? Wapo. Mwaka 1988 na 1989 polio ilizuka hapa Oman, watoto 118 wakapooza, na wengi wao walikuwa wamechanjwa kikamilifu. Polio tumeishinda tangu hapo, lakini watoto wale sasa ni watu wazima, wapo miongoni mwetu. Wanaozaliwa na mgongo wazi na mtindio wa ubongo bado wapo. Na ajali za barabarani, sote tunajua zimetufanyia nini. Nendeni Hospitali ya Khoula mkawaulize wauguzi.

Vizuizi pia vipo, na si vyote vya kijamii. Kiti cha mbio hutengenezwa kwa vipimo vya mwili wa mtu mmoja na bei yake ni maelfu ya dola. Halafu joto letu. Aliyeumia uti wa mgongo sehemu ya juu hatoki jasho chini ya pale palipoumia, mwili haujipoozi. Mwezi wa Juni, Muscat ikipita nyuzi arubaini, mtu huyo hawezi kufanya mazoezi saa kumi alasiri. Anahitaji uwanja wenye taa alfajiri au baada ya isha, na mtu wa kumrashia maji. Uwanja mzuri tunao pale Bawshar, katika jengo la michezo la Sultan Qaboos. Saa za usiku kwa wanawake wa viti ni jambo la kupangwa na watu, halihitaji muujiza.

Skuli nazo zina sehemu yao. Tatyana McFadden alizaliwa Urusi na mgongo wazi, akalelewa kituo cha mayatima akitembea kwa mikono, kisha akachukuliwa na mama wa Kimarekani. Alipokuwa sekondari katika jimbo la Maryland, skuli ilimwambia akimbie peke yake uwanjani, ati kiti chake ni hatari kwa wenzake. Alikwenda mahakamani na mama yake, hawakudai pesa, walidai akimbie pamoja na wengine. Wakashinda, na 2008 jimbo likatunga sheria kwa watoto wote wenye ulemavu. Oman nasi tulitunga sheria yetu ya kuwahudumia watu wenye ulemavu, Amri ya Kifalme namba 63, mwaka huo huo 2008. Mwalimu wa michezo anayetusikiliza, nakuuliza wewe: kipindi cha riadha kikifika, yule mtoto wa kiti anafanya nini? Kama anashika saa ya kupimia wenzake, mpe na yeye njia.

Na mama mwenye binti wa namna hii, baba pia, nawaachia kazi ya wiki hii. Tafuteni karatasi zake zote za hospitali, za Khoula, za kituo cha afya, hata za zamani zilizopigwa chapa Zanzibar au Mombasa. Picha za uti wa mgongo, ripoti ya upasuaji, jina la ugonjwa kwa maandishi ya daktari. Kama hamna jina la ugonjwa, rudini kwa daktari mliombe, kwa sababu bila hilo jopo haliwezi hata kumfungulia mlango. Kisha nendeni nazo Kamati ya Paralimpiki ya Oman. Kwa mashindano makubwa ya dunia hupokelewa kuanzia mwaka anaotimiza miaka 14. Kama binti yako ana kumi au kumi na moja, wakati wa kumzoesha kiti ni huu, na faili likusanywe sasa, kabla makaratasi hayajaliwa na mchwa.